Mtoto wa Paka Mwoga na Makao Mapya

Mtoto wa paka anayeogopa watu ni yule ambaye wiki zake za mwanzo zilipita bila kushikwa na mkono wa binadamu. Woga huo si ukorofi, wala si dalili kwamba paka huyo hafai kufugwa. Amelikosa somo moja ambalo hufundishwa kwa wepesi utotoni, na akishakua hufundishwa polepole zaidi.

Katika Igawa na vijiji jirani vya Wilaya ya Mbarali, Mbeya, watoto wa namna hii ni wengi kwa sababu ya kazi anayofugiwa paka. Hapa ni ukingoni mwa bonde la Usangu, nchi ya mpunga, na mpunga uliowekwa ndani huita panya. Paka jike huachwa ajitafutie, na siku zikifika huzaa mahali alipopachagua mwenyewe: nyuma ya magunia, darini, au katika kona ya banda isiyofikiwa na watu. Watoto huonekana wakiwa wameshaanza kukimbia. Jirani akiomba mmoja, hukimbizwa mpaka akamatwe, akatiwa kwenye kiroba, akapakiwa kwenye bodaboda. Anayefika katika nyumba mpya kwa safari hiyo hubeba woga wa aina mbili: ule wa kutowajua watu, na ule wa kukamatwa nao.

Woga unavyoanza

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori, Felis lybica, mnyama ambaye hata leo anaishi katika mbuga na vichaka vya Tanzania. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa kufugwa duniani kote wana asili katika paka pori wa Mashariki ya Kati, kule ambako kilimo cha nafaka kilianza mapema. Ghala la nafaka ndilo lililomleta karibu na watu. Hata hivyo, paka pori ni mwindaji wa peke yake, tena mdogo wa umbo kiasi cha kuliwa na wengine. Kwa hiyo kila mtoto wa paka huzaliwa na silika ya kujificha kwanza na kuuliza baadaye, na kumwamini binadamu ni jambo la kujifunza.

Muda wa kujifunza ni mfupi. Macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Tangu wiki ya 2 hadi ya 7 hivi, ubongo hupokea kila kinachoonekana mara kwa mara kuwa ni sehemu ya maisha ya kawaida: harufu ya moshi wa jikoni, sauti za watoto, mkono unaobeba. Baada ya hapo, kitu kigeni huchukuliwa kuwa hatari mpaka kithibitike kuwa salama. Majaribio yaliyofanywa Marekani na Eileen Karsh mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalionyesha kwamba watoto walioanza kushikwa wakiwa na wiki 3 waliwakaribia watu kwa haraka kuliko walioanza wiki ya 7, na hao wa wiki ya 7 waliwapita wale ambao hawakushikwa kabisa. Muda wa kila siku nao ulihesabika: dakika 40 zilizaa matunda kuliko dakika 15.

Damu pia ina sehemu yake. Utafiti wa Sandra McCune, uliochapishwa mwaka 1995, ulibaini kwamba watoto wa baba jasiri huwa jasiri zaidi mbele ya watu na vitu vigeni, ingawa baba huyo hashiriki malezi. Mtoto wa paka shume anayezurura usiku na kukimbia kivuli cha mtu anaweza kurithi tahadhari hiyo. Ndiyo maana ndugu wa uzao mmoja, waliolelewa pamoja, huweza kutofautiana: mmoja akazoea ndani ya siku tatu, mwingine akahitaji mwezi.

Kukadiria umri

Umri ndio unaoamua subira itakuwa ya muda gani. Uzito ni kipimo cha kwanza: mtoto huzaliwa na gramu 100 hivi, na akilishwa vizuri huongeza karibu nusu kilo kila mwezi hadi mwezi wa 4. Kwa kuwa watoto wa ghalani mara nyingi wamekonda, meno ni kipimo bora zaidi. Meno madogo ya mbele huanza kuchomoza wiki ya 3, magego ya utotoni hufuata na kwa kawaida huwa yametimia wiki ya 8, na meno ya mbele ya kudumu huanza kuota karibu na mwezi wa 4. Rangi ya macho pia husaidia, kwa kuwa bluu ya utotoni hubadilika karibu na wiki ya 7.

Umri unaofaa kumtenga na mama ni wiki 8 au zaidi. Asipokuwa na haraka, anayemhitaji paka humwomba mwenyeji awashike watoto kila siku tangu wiki ya 3, wakiwa bado wananyonya. Dakika chache mara kadhaa kwa siku, kwa mikono ya watu tofauti, huokoa wiki nyingi za kazi baadaye.

Safari na chumba cha kwanza

Kiroba humwonyesha paka giza, joto na mtikisiko bila mahali pa kushika kucha. Tenga la kuku lililotandikwa kanga kuukuu na kufunikwa kwa kitenge linafaa zaidi: hewa inapita, na macho hayaoni magari. Kitambaa kilicholaliwa na mama yake kikiwekwa ndani humpa harufu moja anayoijua.

Akifika, huwekwa katika chumba kimoja kidogo na tulivu. Nyumba nzima ni kubwa mno kwa mnyama anayeogopa; huishia uvunguni mwa kabati, au juu zaidi. Katika nyumba nyingi zisizo na dari, ukuta hauishii kwenye bati, na paka mwoga huparamia hadi kwenye kenchi au kutokea kwenye mwanya wa paa. Chumba hukaguliwa kwanza: mianya huzibwa, madirisha hufungwa, na sumu ya panya huondolewa kabisa. Sumu humuua paka anayeila, na zipo aina zinazoweza kumdhuru kwa kupitia panya aliyekwisha kuila. Nyumba inayofuga paka huchagua kati ya paka na sumu.

Ndani ya chumba huhitajika vitu vinne. Cha kwanza ni maficho: boksi lililogeuzwa na kutobolewa mlango. Paka mwenye mahali pa kujificha hutulia mapema kuliko asiye na maficho, kwa hiyo boksi haliondolewi kwa kisingizio cha kumzoesha. Cha pili ni matandiko ya joto, hasa Juni na Julai ambapo baridi ya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mufindi na Makambako hadi Mbeya mjini, huwa kali usiku. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa huwafaa wadogo sana. Cha tatu ni maji na chakula. Cha nne ni beseni la kujisaidia, mbali na chakula. Udongo mkavu au mchanga hutosha, na pumba za mpunga kutoka mashineni huweza kuchanganywa humo kupunguza harufu.

Chakula

Paka ni mla nyama. Methali husema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya, na elimu ya lishe inakubaliana nayo. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, nayo hupatikana katika nyama na samaki. Ikikosekana kwa muda mrefu, macho huharibika na moyo hudhoofika. Ugali na wali peke yake hujaza tumbo tu. Dagaa wasiotiwa chumvi, usipa wa Ziwa Nyasa, utumbo wa kuku au mabaki ya nyama, vyote vikiwa vimepikwa, huchanganywa na ugali kidogo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Mtoto wa miezi 2 hadi 3 hulishwa mara 3 au 4 kwa siku, na chakula hicho ndicho kitakachokuwa daraja kati yake na watu.

Hatua za kumzoesha

Siku ya kwanza na ya pili huachwa peke yake. Anayeingia huweka chakula, husafisha beseni, husema maneno machache kwa sauti ya chini, kisha hutoka. Wengi hula usiku tu. Asipoonja kitu kwa saa 24, hasa akiwa mdogo, hupelekwa kwa mtaalamu wa mifugo, kwa kuwa mtoto wa paka hudhoofika haraka.

Siku zinazofuata, mtu mmoja hukaa sakafuni kwa robo saa hadi nusu saa, mara kadhaa kwa siku. Hukaa kwa sababu mtu aliyesimama ni mrefu mno machoni pa paka. Hamkodolei macho, kwa kuwa kukodoa ni tishio. Kupepesa macho polepole kuna maana tofauti: watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 2020 kwamba paka huwa tayari zaidi kumkaribia mtu anayepepesa macho hivyo. Shughuli ya kimya, kama kuchambua mchele au kusoma, humsaidia mtu kukaa bila kumfuata paka kwa macho.

Sahani huwekwa karibu na maficho, na kila mlo husogezwa kidogo kuelekea kwa mtu. Paka akirudi nyuma, sahani nayo hurudishwa pale alipokuwa akila bila wasiwasi. Sahani ikishafika mguuni, chakula hutolewa kwenye ncha ya mwiko au kijiko kirefu, kisha kwenye kidole. Unyoya wa kuku uliofungwa kwenye kijiti kirefu hufanya kazi sambamba: kwanza humchezesha kwa mbali, kisha hupitishwa shavuni mwake, naye huguswa bila kuuona mkono.

Mguso wa kwanza wa mkono huwa kwenye mashavu, kidevu na mbele ya masikio, akiwa anakula, kwa sekunde chache. Tumbo, miguu na mkia huachwa. Mkono hutoka ubavuni na chini. Unaoshuka kutoka juu hufanana na mwewe. Mkono ukiondolewa naye akausogelea, somo limeingia. Kubebwa huja mwisho, kwanza mapajani juu ya kitambaa, na anapotaka kushuka huachiwa.

Dalili za mwili ndizo zinazoongoza mwendo. Masikio yaliyolala, mboni zilizotanuka, mwili uliojikunyata, na ile sauti kama ya tairi linalopumua humaanisha kwamba hatua ya mwisho ilikuwa kubwa mno. Mkia uliosimama, kujisugua na kula mbele ya mtu humaanisha kwamba hatua nyingine inawezekana. Kipigo, kelele na kuvutwa kutoka mafichoni hufuta kazi ya siku nyingi. Katika jamii ambazo paka, hasa mweusi, bado huhusishwa na uchawi, wanakaya na majirani huelezwa mapema ili asirushiwe mawe.

Akishamzoea mtu mmoja, wengine huongezwa kwa zamu, kwa kuwa aliyezoeshwa na mtu mmoja tu huweza kuendelea kuwakimbia wengine wote. Watoto wa nyumba hufundishwa kukaa chini na kumngoja aje. Wakiwa paka wawili waoga wa uzao mmoja, kila mmoja hupewa muda wake na mtu, la sivyo hukimbiliana. Paka mkubwa mpole, kinyume chake, huwa mwalimu mzuri: mdogo humwona akiwaendea watu, akaiga.

Afya na usalama

Paka mwoga akibanwa huuma na kukwaruza. Jeraha huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa huenda kituo cha afya, kwa sababu paka pia huambukiza kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Paka huchanjwa kuanzia umri wa miezi 3. Ofisa mifugo wa kata huweza kuelekeza chanjo hiyo na dawa ya minyoo inapopatikana. Dawa za viroboto za mbwa zenye permetrini hazitumiwi, kwa kuwa ni sumu kwa paka. Parasetamoli ya binadamu nayo humuua. Kinyesi chake huondolewa kila siku, na mjamzito humwachia mwingine kazi hiyo.

Kutoka chumbani hadi uani

Mlango wa chumba hufunguliwa anapokula na kucheza mbele ya watu bila kujificha, na huachwa wazi ili aweze kurudi kwenye boksi lake. Mbwa hufungwa katika siku za kukutana. Uani hutolewa baada ya wiki kadhaa, asubuhi kabla ya mlo, ili njaa imrudishe. Kwa nyumba zilizo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, malori hayasimami kwa ajili ya paka, kwa hiyo hutolewa upande wa nyuma. Kuhasiwa kabla ya miezi 6, huduma ikipatikana, hupunguza kuzurura kwa dume na huzuia jike kuleta ghalani uzao mwingine wa watoto waoga.

Wa wiki 8 hadi 12 wengi hulainika ndani ya siku chache au wiki chache. Aliyevuka miezi 4 bila kushikwa huhitaji miezi, na baadhi hubaki wakimwamini mlishaji wao tu. Paka wa namna hiyo si wa kulala mapajani; hupewa ghala, maficho yake, maji na mlo wa jioni kwa saa ileile, naye hukaa akilinda mpunga.