Rufani ya Mwarobaini: Nani Alitangulia Kujua?

Katika nyua za Musoma, Bunda na Butiama, mwarobaini ni mti wa kivuli na wa dawa. Jina lake lenyewe latueleza kwamba watu waliuhesabia uwezo wa kutibu maradhi arobaini. Mbegu zake zikitwangwa na kulowekwa, maji yake hunyunyiziwa mimea ili kuwafukuza wadudu. Je, ujuzi wa namna hiyo waweza kuwa mali ya kampuni moja? Swali la jinsi hiyo liliamuliwa mjini Munich, Ujerumani, katika shauri lililodumu tangu 1995 hadi 2005.

Hataza ni haki apewayo mvumbuzi ya kuwazuia wengine, kwa muda maalumu, wasiutumie uvumbuzi wake bila idhini. Ili aipate, hana budi kuonyesha kwamba jambo lake ni jipya, na kwamba fundi wa kawaida wa kazi hiyo asingeligundua kwa urahisi. Kipimo chake ni ujuzi uliotangulia, yaani yote yaliyokuwa wazi kwa watu kabla ya tarehe ya ombi.

Tarehe 14 Septemba 1994, Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa kampuni ya W. R. Grace na Serikali ya Marekani, kupitia Wizara yake ya Kilimo, hataza namba 436257. Haikuhusu mti wenyewe, bali njia ya kuzuia kuvu za mimea. Mbegu za mwarobaini zina azadiraktini, kemikali inayowazuia wadudu kula na kukua. Zina pia mafuta. Kikitumiwa kiyeyushi kisichopatana na maji, mafuta hutoka, na sehemu kubwa ya azadiraktini hubaki katika makapi. Mafuta hayo, kwa kiasi cha asilimia 0.1 hadi 10, huchanganywa na maji kwa msaada wa dutu ifanyayo kazi kama sabuni.

Mwaka 1995 hataza hiyo ilipingwa na Vandana Shiva wa India, Magda Aelvoet wa kundi la Kijani katika Bunge la Ulaya, na shirikisho la kimataifa la kilimo hai, IFOAM. Hapa yafaa msomaji aone ugumu wa jambo lenyewe. Kusema tu kwamba wazee waliutumia mwarobaini hakutoshi. Lazima ionyeshwe ni sehemu ipi ya mti iliyotumika, ilitengenezwaje, dhidi ya nini, na lini. Maji ya mbegu yanayofukuza wadudu si ushahidi kamili dhidi ya mafuta yanayozuia kuvu.

Wapinzani walileta maandishi, na pia shahidi mwenye kiwanda kutoka India, aliyeeleza matumizi yaliyotangulia ombi hilo. Tarehe 10 Mei 2000 hataza ilifutwa. Wenye hataza walikata rufani, nayo ikakataliwa tarehe 8 Machi 2005.

Ushahidi wa mdomo uliweza kusikilizwa kwa sababu sheria ya Ulaya huhesabu kuwa ujuzi uliotangulia kila kilichowekwa wazi kwa maandishi, kwa maneno au kwa matumizi, popote duniani. Sheria ya Marekani ya wakati huo haikuwa hivyo. Hadi mwaka 2013, matumizi ya nchi za nje ambayo hayakuandikwa hayakuhesabiwa. Ujuzi ule ule uliotambuliwa Munich ungaliweza kupuuzwa Washington.

Kwa hiyo daftari la shule si kitu kidogo. Wanafunzi wa Bunda wanaowahoji wazee juu ya mimea na waandike jina la mmea, sehemu iliyotumika, kipimo, namna ya kutengeneza, ugonjwa au mdudu aliyekusudiwa, na tarehe. Maandishi hayo yakichapishwa, ni vigumu mtu mwingine kudai kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Lakini upanga huo hukata kuwili. Uchapishaji wa mapema waweza kumnyima hataza hata mvumbuzi mwenyewe. Mwalimu aliyegundua jambo jipya kweli katika maabara yake atangulize ombi, ndipo achapishe. Na mwenye kukusanya ujuzi wa kijiji awaulize kwanza wenye ujuzi huo kama wanaridhia utangazwe.