Juisi ya kijani: Itayarishe kwa usafi, lakini usiache dawa zako

Siku hizi juisi ya kijani imekuwa gumzo mjini. Huuzwa mikahawani, husifiwa maofisini, na wanaofanya mazoezi asubuhi hutembea na chupa zake mkononi. Wapo wanaoinywa ili ngozi ipendeze, wengine wapunguze uzito, na wengine wameambiwa kwamba itawaponya shinikizo la damu, kisukari au upungufu wa damu.

Juisi hii ni chakula kizuri, na unaweza kuitayarisha nyumbani kwa mboga zile zile unazonunua kwa mama mboga. Lakini chakula si dawa. Aidha, kuna watu ambao gilasi moja ya majani mabichi kila siku inaweza kuwaletea madhara makubwa. Kabla hujanunua blenda, ni vyema ujue juisi hii inaweza kukufanyia nini, na nini haiwezi.

FAIDA ZAKE

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Wakazi wengi wa mijini hawafikii kiwango hicho. Asubuhi ni chai na mkate, mchana ni chipsi, na mboga huonekana jioni tu kando ya ugali. Kwa mtu kama huyo, gilasi ya juisi ya kijani ni njia rahisi ya kuongeza mboga mwilini.

Majani ya kijani yana vitamini A, vitamini C, vitamini K, foliki na madini kadhaa. Vitamini C huharibika kwa moto, na nyingine hupotea katika maji ya kuchemshia. Ndiyo maana majani mabichi huwa na vitamini hiyo kwa wingi kuliko sukuma wiki iliyokaa jikoni nusu saa.

Kuhusu damu, majani yana madini ya chuma, lakini mwili huyapata kwa shida kuliko yale ya nyama. Vitamini C husaidia mwili kuyapokea. Kwa hivyo limau au chungwa katika juisi yako si la kutia ladha tu. Chai na kahawa, kwa upande mwingine, huyazuia. Ukimaliza juisi yako, ngoja kama saa moja kabla ya kunywa chai.

CHAGUA MAJANI YAFAAYO

Si kila mboga ya kijani inafaa kunywewa mbichi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba jani likishaliwa nyumbani basi laweza pia kutiwa kwenye blenda.

Sukuma wiki ndiyo bora zaidi. Hupatikana mwaka mzima, bei yake ni nafuu, na majani yake machanga hayana uchungu mwingi. Unaweza kuongeza dania, mnanaa au tango.

Spinachi itumie kwa uangalifu. Mboga ile yenye jani pana na shina nene jeupe, ambayo tunaiita spinachi hapa Kenya, ina kemikali iitwayo oksaleti kwa wingi. Kemikali hii ikikutana na chokaa ya mwili hufanya chembe ngumu zinazoweza kuleta vijiwe vya figo. Madaktari wa figo wameandika katika majarida ya kitabibu kuhusu wagonjwa ambao figo zao ziliharibika baada ya kunywa juisi nyingi za majani ya namna hii kwa siku nyingi mfululizo. Spinachi ni salama zaidi ikichemshwa na maji yake kumwagwa. Terere pia ina oksaleti, na ni afadhali ipikwe.

Managu usinywe mabichi. Mboga hii huwa na sumu ya asili, hasa katika matunda yake yasiyoiva, na ndiyo sababu wazee wetu waliichemsha.

Kisamvu, yaani majani ya muhogo, kamwe usikitie kwenye juisi. Majani hayo yakiwa mabichi hutoa sumu ya sayanidi. Huliwa salama baada tu ya kutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu.

USAFI NDIO MWANZO

Sukuma wiki inapopikwa, moto huua vijidudu vingi. Unapoinywa mbichi, kijidudu chochote kilichobaki kwenye jani kitaingia tumboni kikiwa hai. Kuna mboga zinazouzwa mjini ambazo hukuzwa kando ya mito na mitaro iliyochafuliwa na maji taka, na nyingine hunyunyiziwa maji machafu zikiwa sokoni ili zisinyauke. Hatari ni homa ya matumbo, kuhara, minyoo na hata kipindupindu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 uliendelea hadi 2023 na kufika Nairobi pia.

Osha mboga zako hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha osha kisu, kibao cha kukatia na blenda.

2. Tenganisha majani. Tupa yaliyooza au kuwa manjano.

3. Osha jani moja moja, pande zote mbili, chini ya maji ya mfereji yanayotiririka. Kuloweka shada zima ndani ya karai hakutoshi, kwa sababu uchafu wa jani moja huenea kwa mengine.

4. Suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa.

5. Matunda yaoshe kabla ya kuyamenya, kwani kisu huingiza uchafu wa ganda ndani.

Kuosha hupunguza pia dawa za kuulia wadudu zilizobaki juu ya jani, ingawa hakuziondoi zote. Na ikiwa mboga ilikua kwenye udongo wenye madini ya sumu kama risasi, huwezi kuyaosha, kwa kuwa yako ndani ya jani. Muulize mama mboga wako mahali anakotoa mboga zake. La bora zaidi, panda mwenyewe. Gunia moja lenye udongo safi na samadi iliyooza vizuri, likiwekwa barazani au nyuma ya nyumba, laweza kukupa sukuma wiki kwa miezi mingi.

JINSI YA KUTAYARISHA

Kwa gilasi mbili, tayarisha vifuatavyo:

- majani 3 machanga ya sukuma wiki, bila ule mshipa mnene wa katikati
- nusu tango, lililomenywa
- tofaa 1 dogo, au kipande cha nanasi cha ukubwa wa kiganja
- robo ya parachichi
- maji ya nusu limau
- kipande kidogo cha tangawizi
- gilasi moja na nusu ya maji yaliyochemshwa na kupozwa

Katakata majani vipande vidogo. Yatie kwenye blenda pamoja na maji na usage kwa dakika moja hadi yalainike. Ongeza tango, tunda, tangawizi na parachichi, kisha usage tena. Malizia kwa limau. Juisi ikiwa nzito mno, ongeza maji. Usitie sukari.

Parachichi lina kazi yake. Vitamini A ya majani huhitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee, na parachichi lina mafuta hayo. Tena, huondoa ule ukali wa sukuma wiki.

Ikiwa huna blenda, twanga majani katika kinu safi pamoja na maji kidogo, kamua kwa kitambaa kilichochemshwa, halafu changanya na maji ya chungwa na limau. Njia hii hutoa juisi nzuri, lakini makapi hubaki kwenye kitambaa.

Makapi hayo ni mali. Ndiyo yanayosaidia choo kuwa laini, yanayokufanya ushibe, na yanayozuia sukari ya matunda isiingie kwenye damu kwa ghafla. Kwa hivyo usichuje juisi yako ya blenda. Aliyezoea kuchuja anywe juisi yake, lakini mboga za jioni asiziache.

Inywe mara tu unapoitayarisha. Ikibaki, ifunike na kuiweka kwenye friji, na iliyolala zaidi ya siku moja uimwage. Usiibebe kutwa nzima mkobani kwenye joto.

Gilasi moja kwa siku yatosha. Huduma ya Afya ya Taifa ya Uingereza huwashauri watu wasizidishe mililita 150 za juisi kwa siku kwa sababu ya sukari yake. Ukitia maembe mawili na machungwa matatu ili kuficha ladha ya sukuma wiki, utakuwa umetengeneza kinywaji cha sukari chenye rangi ya kijani.

HAWA WAMWONE DAKTARI KWANZA

Wanaotumia warfarini. Hii ni dawa ya kuzuia damu kuganda, na hupewa watu waliowekewa vali bandia ya moyo au waliowahi kupata damu iliyoganda mguuni au mapafuni. Sukuma wiki ina vitamini K nyingi, na vitamini hiyo hupunguza nguvu ya dawa. Mtu akianza ghafla kunywa juisi hii kila siku, damu yake inaweza kuganda na kumletea kiharusi. Akiiacha ghafla baada ya daktari kumwongezea dawa, anaweza kutokwa na damu nyingi. Wagonjwa hawa hawakatazwi mboga. Wanachotakiwa ni kula kiasi kile kile kila wiki, na kumwarifu daktari kabla ya kubadilisha.

Wenye ugonjwa wa figo. Figo dhaifu hushindwa kuondoa potasiamu, madini yaliyo kwa wingi katika majani, parachichi na machungwa. Potasiamu ikizidi katika damu huweza kusimamisha moyo. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu kama enalaprili au losatani nao waulize kwanza, kwa kuwa dawa hizi pia hupandisha potasiamu.

Wenye kisukari. Tumia tunda moja dogo tu, usichuje, na upime sukari yako uone jinsi mwili unavyoipokea.

Wanaopenda kutia balungi. Tunda hili huingiliana na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza mafuta katika damu. Mwulize mfamasia.

Watoto wachanga. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee, na juisi asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Akina mama wajawazito. Mboga ni nzuri kwenu, lakini usafi uwe maradufu. Vidonge vya madini ya chuma na foliki mnavyopewa kliniki endeleeni kuvimeza, maana juisi haiwezi kuchukua nafasi yake.

USIDANGANYIKE

Utasikia kwamba juisi ya kijani husafisha damu na kuondoa sumu mwilini. Kazi hiyo hufanywa na ini na figo, mchana na usiku, bila kungoja juisi. Utasikia pia kwamba ukiinywa siku saba bila kula chochote utakonda. Ni kweli uzito utapungua, lakini sehemu kubwa ni maji na misuli, na utarudi ukianza kula.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuacha dawa. Shinikizo la damu halina maumivu. Mtu anaweza kuacha vidonge vyake, akanywa juisi mwezi mzima, akajisikia mzima kabisa, na huku shinikizo linapanda. Dalili ya kwanza huenda ikawa kiharusi. Vivyo hivyo, anayehisi kizunguzungu na uchovu asijitibu kwa majani akidhani damu imepungua. Huenda ana malaria, minyoo, au anapoteza damu mahali asipopajua. Kipimo cha damu hospitalini kitamwonyesha.

Kwa hivyo, ukiwa na afya njema, osha sukuma wiki yako vizuri, saga, kunywa na ufurahie. Ukiwa mgonjwa, mweleze daktari wako unachokunywa, na uendelee kumeza dawa zako kama ulivyoagizwa.