Umri wa Basi Hausomwi kwenye Kadi ya Gari

Katika mji wa Valparaíso, bandari kuu ya kihistoria ya Chile, barabara za chini kati ya gati na vilima zina nyaya mbili mbili zilizotandazwa juu, na chini ya nyaya hizo hupita mabasi ya umeme ambayo mtu asiyeyajua angedhani yametolewa kwenye makumbusho. Yaliundwa Marekani na kampuni ya Pullman-Standard, mengine mwishoni mwa miaka ya 1940, mengine mwaka 1952, mwaka ambao huduma yenyewe ilizinduliwa tarehe 31 Desemba. Juu ya paa kila basi lina fito mbili ndefu zinazogusa nyaya. Ufito ukichomoka kwenye kona, dereva hushuka, huzunguka nyuma, hushika kamba na kuurudisha mahali pake, kisha safari inaendelea. Mwaka 2003 serikali ya Chile iliyatangaza mabasi 15 ya aina hiyo kuwa urithi wa taifa unaolindwa kisheria. Urithi huo haukufungiwa kwenye kioo. Uliachwa barabarani ukikusanya nauli kwa mwanafunzi na mama anayetoka sokoni, na wafuatiliaji wa mambo haya huyahesabu mabasi hayo kuwa ndiyo makongwe kuliko yote ya umeme wa nyaya yaliyodumu katika kazi ya kawaida duniani.

Wapo watu wanaosafiri kutoka mabara mengine ili tu wapande basi la namna hiyo, na kwa kawaida huchukuliwa kuwa watu wasio na kazi ya kufanya. Wengi wao hupenda sauti ya mota na harufu ya viti vya zamani, na hilo halina ubaya. Lakini katika mapenzi yao kuna hoja ambayo wapangaji wa usafiri wa miji wangefaa kuisikiliza: basi kongwe linalofanya kazi ni ushahidi. Linaonyesha kwamba mahali fulani kuna karakana inayojua kazi yake, kuna spea au mtu wa kuzichonga, na kwamba siku lilipoundwa, aliyelichora alimfikiria fundi atakayelifungua miaka 20 baadaye. Umri peke yake hauharibu basi. Kinachoharibu ni kutotengenezwa, na pengine kuundwa kwa namna isiyotengenezeka.

Mabasi ya Valparaíso yana bahati ya asili, na ni haki kuikiri. Mota ya umeme ina sehemu chache zinazosagana. Haina pistoni, haina klachi, haina gia za kubadilishwa kila kituo. Waya zake zikiungua, fundi anaweza kuzisuka upya, kazi ambayo mafundi wa mota wa Gerezani pale Dar es Salaam au Gikomba pale Nairobi wataielewa bila mkalimani. Basi la dizeli halina bahati hiyo, kwa hiyo mfano wa Chile peke yake usingetosha.

Ndiyo maana London inafaa kuangaliwa. Basi jekundu la ghorofa liitwalo Routemaster lilikuwa la dizeli, na yaliundwa 2,876 kati ya miaka ya 1950 na 1968. Yalitarajiwa kudumu chini ya miaka 20, lakini huduma yao ya kawaida ilikoma Desemba 2005. Siri yake haikuwa chuma kizito, kwani bodi ilikuwa ya alumini, nyepesi kuliko inavyoonekana. Siri ilikuwa vipande vinavyolingana. Kipande cha basi moja kiliingia kwenye lingine bila kupigwa nyundo. Huko Aldenham, kaskazini mwa jiji, palikuwa na karakana kubwa ambamo bodi ilinyanyuliwa kwa winchi, sehemu za chini zikapelekwa upande wake zikarekebishwe, kisha basi likaunganishwa tena kwa vipande vilivyokuwa tayari. Basi liliweza kuingia likiwa na bodi moja na kutoka na nyingine, namba ya usajili ikiwa ile ile. Wapenzi wa mabasi bado hubishana kuhusu lipi hasa ni lipi, ubishi usio na mwisho na, kusema kweli, usio na faida. Katika miaka ya 1990 mengi ya yaliyobaki yakatiwa injini mpya, yakaendelea na kazi.

Yaliyofuata ndiyo yanayoipa hoja hii nguvu. Baadhi ya njia zilizokuwa za Routemaster zilipewa mabasi marefu yaliyounganishwa katikati, aina ya Mercedes-Benz Citaro. Machache yalishika moto katika miaka ya mwanzo, na kufikia mwisho wa 2011 yote yalikuwa yameondolewa London. Sehemu yake ikapelekwa Malta, kisiwa ambacho Julai 2011 kilistaafisha mabasi yake maarufu ya rangi ya njano, mengine yakiwa na miongo kadhaa barabarani, mengi yakimilikiwa na madereva wenyewe. Mwezi Agosti 2013, baada ya kadhaa kushika moto, serikali ya Malta iliyazuia mabasi hayo marefu, na mwanzoni mwa 2014 kampuni iliyoyaleta ikawa imeondoka kisiwani. Basi la kisasa lilishindwa kuishi miaka mitatu mahali ambapo vikongwe vilikuwa vimeishi zaidi ya miaka 30.

Msomaji makini ataniuliza: je, Wamalta hawakuyalalamikia mabasi yao ya zamani? Waliyalalamikia sana. Yalitoa moshi, viti vilibana, na madereva wengine walikuwa wakali. Mtalii hupiga picha ya moshi akaenda zake, mkazi ndiye anayeuvuta. Basi la dizeli linalochafua hewa ya watoto wa shule halina utetezi, hata likiwa na rangi ya kupendeza kiasi gani. Likishindwa kupewa injini safi, liondoke.

Hoja nzito zaidi ni ya watu wenye ulemavu. Routemaster lilikuwa na ngazi na mlango wazi wa nyuma. Kijana mwepesi alidandia, anayetumia kiti cha magurudumu alibaki kituoni. Sheria ya Uingereza iliyataka mabasi yote ya ghorofa yawe yanaingilika na watu hao ifikapo 2017, na hakuna shairi la kusifu basi la zamani linaloweza kumjibu mtu aliyeachwa kituoni. London ilijaribu njia ya kati: kwenye njia chache mabasi makongwe yalipita sambamba na mapya, namba ile ile, ili kila abiria apate linalomfaa. Naiona kuwa suluhu ya heshima, lakini ni ya njia chache tu. Kwa jiji zima sheria ina haki. Na pale jiji lilipojaribu kuiga umbo la zamani kwa basi jipya lililoanza kazi 2012, makonda wa mlango wa nyuma waliondolewa kufikia 2016 kwa sababu ya gharama. Umbo lilinunulika, lakini utaratibu uliolifanya lipendwe ulikuwa mishahara ya watu.

Sasa turudi nyumbani, ambako tunapima magari kwa mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na sababu zipo, maana hatutaki kuwa jaa la wenzetu. Ila mwaka wa kuundwa hausemi gari litaangukia mikono ya nani. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalianza kazi 2016 yakiwa mapya kabisa, na kabla ya kufikisha miaka 10 mengi yalikuwa yamesimama, mengine yakiwa yameharibiwa na mafuriko kwenye karakana iliyowekwa katika bonde la Jangwani. Basi halikuzeeka pale. Karakana ilikuwa mahali pa maji.

Nairobi nayo, tangu 2022, ina mabasi ya umeme ya betri, na miji mingine ya ukanda huu inayatamani. Mota za umeme, kama Valparaíso inavyoonyesha, zina uwezo wa kuishi muda mrefu kuliko wanaozinunua. Betri itachoka mapema, hilo linajulikana, lakini mota na bodi si lazima zife nayo. Kwa hiyo wanaosaini mikataba ya ununuzi waulize, kabla ya bei na kabla ya rangi: betri ikichoka, itabadilishwa na nani na kwa shilingi ngapi? Michoro ya basi atakabidhiwa fundi wetu au itabaki kiwandani? Spea zitauzwa kwa miaka mingapi? Muuzaji asiyekuwa na majibu kwa maandishi asipewe zabuni.