Injini ya boti inapogoma kuzunguka katikati ya Ziwa Victoria

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

AJALI za majini zinapotajwa jijini Mwanza, fikra za kila mmoja hukimbilia Mei 21, 1996, siku ilipozama MV Bukoba, au Septemba 20, 2018, siku MV Nyerere ilipopinduka ikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Ni haki kuzikumbuka. Hata hivyo, ipo adha nyingine inayowakabili wavuvi na wasafiri wa ziwa hili ambayo haipati nafasi katika kurasa za mbele za magazeti. Nahodha anageuza ufunguo, injini inatoa mlio mmoja mdogo, kisha kimya.

Mwenye gari likimfanyia hivyo barabara ya Kenyatta atashuka, atampigia fundi simu na kusubiri kivulini. Aliyeko kati ya Kayenze na Ukerewe hana kivuli cha kusubiria. Chombo kilichopoteza nguvu hugeuka taratibu na kuyapa mawimbi ubavu, na huo ndio mkao mbaya kuliko yote kwa mtumbwi uliosheheni watu na mizigo.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa ndani ya chombo cha namna hiyo miaka kadhaa iliyopita, akirejea Mwanza kutoka kisiwa kimojawapo. Nahodha alizima injini ili kuondoa kipande cha wavu kilichojiviringisha kwenye propela. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika tano. Alipogeuza ufunguo, ilisikika “tik” moja tu. Akageuza tena na tena, huku abiria wakianza kutazamana na mama mmoja akimfunga mtoto wake kifuani kwa khanga. Kwa upande wa magharibi anga lilikuwa limeanza kuwa jeusi.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka pande zote za pwani kuelekea ziwani, hukutana katikati, na hewa yenye unyevu hupanda juu na kuzaa mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huvuma usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications ulibainisha kuwa dhoruba kali za aina hiyo zitaongezeka kadiri dunia inavyozidi kupata joto. Kwa anayeelea bila injini, muda ni mali.

Muda huo hupotea bure kwa sababu watu wengi hawatofautishi magonjwa mawili. Injini inayozunguka bila kuwaka ina shida ya mafuta, hewa au cheche za plagi. Injini isiyozunguka kabisa ina shida nyingine: ama umeme wa kuizungusha haufiki, ama imekwama yenyewe. Kwa mgonjwa huyu wa pili, kubonyeza mpira wa kusukuma petroli au kufungua kabureta ni sawa na kumpa dawa ya macho mtu aliyevunjika mguu. Lakini nenda mwalo wowote, iwe Kirumba au Igombe, utaona jambo la kwanza linalofanywa ni kugusa mafuta.

Safari ya umeme katika boti yenye starta si ndefu. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi kuu na fyuzi, unafika kwenye ufunguo, kisha kwenye swichi ndogo inayohakikisha kuwa gia iko huru. Kutoka hapo unaiamsha solenoidi, yaani swichi ya sumaku inayoruhusu umeme mkubwa wa betri kuingia kwenye starta. Starta nayo hulisukuma gurudumu zito la injini, liitwalo flaiwili. Kila kituo katika safari hiyo kina sauti yake kinapoharibika, na mwenye masikio mazuri anaweza kukitambua kabla hajashika spana.

Kimya kabisa maana yake ni kwamba hata solenoidi haijapata habari. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni gia. Injini nyingi za boti zimetengenezwa zikatae kuzunguka endapo gia imeingia, ili chombo kisichomoke ghafla na kumtupa mtu majini. Sukuma mkono wa gia mbele na nyuma, urudishe katikati, ujaribu tena. Halafu tazama kamba ya usalama, ile ambayo nahodha anapaswa kuifunga mkononi ili injini izime akianguka. Katika baadhi ya injini, klipu yake ikichomoka ufunguo haufanyi lolote. Baada ya hapo ndipo ziangaliwe swichi kuu na fyuzi. Haya yote hayahitaji fundi, na hayazidi dakika mbili.

“Tik” moja nzito huashiria kuwa solenoidi imeitika lakini starta haikupata nguvu ya kutosha, au imepata na kushindwa kulisogeza gurudumu. “Tik-tik-tik” ya haraka mara nyingi ni betri iliyochoka. Starta inayovuma kwa kasi huku injini ikiwa imetulia inaonyesha kuwa meno yake hayakamati flaiwili.

Asiye na mita ya kupimia umeme anayo taa. Washa taa yoyote inayotumia betri hiyo hiyo, kisha geuza ufunguo huku ukiitazama. Ikiendelea kung'aa bila kubadilika, umeme hauendi kwenye starta, kwa hiyo rudi kwenye gia, fyuzi na ufunguo. Ikififia sana au kuzimika, betri ni dhaifu, au nyaya zake hazijashika vizuri, au injini imekwama na starta inanyonya umeme wote bila mafanikio. Mwenye mita ataona kuwa betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Ikiwa chini ya 12 haina mengi ya kutoa, na wakati wa kuzungusha injini haipaswi kushuka chini ya takriban 9.6.

Betri za ziwani zina maisha magumu. Katika uvuvi wa dagaa, karabai zinazidi kuziachia nafasi taa za umeme wa betri na sola, na katika vyombo vingine betri ya kuwashia injini ndiyo hiyo hiyo inayowasha taa, redio na kuchaji simu za watu sita. Usiku kucha inatumika, alfajiri inatakiwa iizungushe injini. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, hivyo kutu ya hapa si kali kama ile ya Dar es Salaam au Tanga, lakini tindikali ya betri yenyewe hutosha kuzipaka nguzo unga mweupe au wa kijani unaozuia umeme. Unga huo huoshwa kwa maji ya moto, nguzo zikasuguliwa kwa msasa, vibanio vikakazwa na kupakwa grisi. Kibanio kinachozungushika kwa vidole hakijakazwa, hata kama kinaonekana kimekaa mahali pake.

Lipo kosa ambalo karibu kila nahodha mwenye hofu hulifanya, nalo ni kung'ang'ania ufunguo. Starta haikutengenezwa kufanya kazi mfululizo. Ishike kwa sekunde tano, iache ipoe walau kumi, ndipo ujaribu tena. Anayeishikilia nusu dakika huunguza starta na kumaliza hata ile chembe ya umeme iliyokuwa imebaki.

Kama umeme unaonekana mzima, inabaki kuuliza iwapo injini yenyewe imekwama. Toa ufunguo, hakikisha gia iko huru, fungua kifuniko cha juu na ujaribu kulizungusha gurudumu kwa mkono. Likisogea, tatizo ni la umeme. Likikataa katakata, acha kulilazimisha.

Injini hukwama kwa sababu ambazo watu wa Mwanza wanaishi nazo. Injini ya nje hunyonya maji ya ziwa kupitia matundu madogo yaliyo chini ili ijipoze. Magugu maji yakiziba matundu hayo, joto hupanda hadi pistoni ikang'ang'ania ukuta wa silinda. Mwanzoni mwa mwaka 2025 magugu hayo yalilizonga eneo la Kigongo na Busisi hadi vivuko vikakwama. Daraja lililofunguliwa Juni mwaka huo limewaondolea adha hiyo wasafiri wa barabara ya Sengerema, lakini Ukara, Kome na visiwa vingine vingi bado vinafikiwa kwa maji tu, na magugu hayana ratiba. Injini inapofanya kazi hutoa mchirizi mwembamba wa maji kwa nyuma. Mchirizi huo ukikatika, zima injini wakati huo huo na usafishe matundu. Ikiwa imekwishakwama kwa joto, iache ipoe kabisa kabla ya kujaribu kuizungusha tena kwa mkono.

Sababu ya pili ni ubahili wa oili. Injini nyingi za mitumbwi yetu ni za aina inayochanganyiwa oili ndani ya petroli. Kitabu cha injini kikitaja uwiano wa 50 kwa 1, hiyo ni nusu lita ya oili kwa dumu la lita 25, wala si kifuniko kimoja cha chupa kwa kukadiria. Ya tatu ni maji kuingia ndani ya silinda, hasa injini iliyowahi kuzama. Maji hayakandamiziki, hivyo pistoni hugonga ukuta usioonekana. Dawa yake ni kufungua plagi na kulizungusha gurudumu polepole ili maji yatoke, na baada ya kufika nchi kavu injini ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo, kwani kutu haingoji kesho.

Yule ambaye gurudumu lake linazunguka lakini betri imekufa bado ana njia. Injini nyingi za nje za ukubwa wa kati zenye starta zina mfereji juu ya flaiwili wa kuviringishia kamba ya dharura. Unaiviringisha, unavuta kwa nguvu, injini inawaka. Lakini ukivuta hivyo, ile kinga ya gia haifanyi kazi: kama gia imeingia, chombo kitaruka. Khanga, mikono ya mashati na vidole vya wadadisi vikae mbali, kwa kuwa gurudumu litakuwa wazi likizunguka. Anayeazima umeme kwenye betri nyingine naye aondoe kwanza madumu ya petroli karibu, maana waya unapogusa nguzo hutoa cheche.

Wakati mmoja anashughulika na injini, wengine wana kazi yao. Jaketi okozi zivaliwe papo hapo, kabla upepo haujafika, na si kukaliwa kama mito. Nanga ishushwe, ingawa hapa wengi hudanganyika: kina cha ziwa hili hufikia takriban mita 80 palipo na kina kirefu zaidi, na kamba ya mita kumi inayotosha mwaloni haitagusa chini. Ikishindikana, funga ndoo kwa kamba ndefu uitupe kutoka omo, mbele ya chombo. Ndoo itavuta maji na kukilazimisha chombo kiuelekee upepo badala ya kuupa ubavu. Makasia mawili hayatamfikisha mtu Mwanza, lakini humwepusha na miamba.

Turudi kwa chombo chetu. Nahodha alikuwa amekwishafungua kabureta na kutapakaza petroli sakafuni. Ni kijana msaidizi wake, ambaye kazi yake ilikuwa kukumba maji kwa kopo, aliyepeleka mkono kwenye betri na kuona kibanio cha upande wa hasi kinacheza. Huenda kililegea wakati watu walipokuwa wakipanda juu ya boksi la betri kuufikia ule wavu. Hakukuwa na spana. Alikata kipande cha mpira wa baiskeli uliofungia mizigo, akakizungushia kibanio na kukaza kwa meno. Ufunguo ukageuzwa, injini ikazunguka mara mbili na kuwaka, na hakuna abiria aliyepiga makofi, kwani mvua ilikuwa imekwishaanza kudondoka.

Siku mbili baadaye nilipita mwaloni na kukiona chombo kile kikipakia abiria wa safari ya asubuhi. Kifuniko cha boksi la betri kilikuwa wazi. Kipande cha mpira kilikuwa bado mahali pake.