Bukavu: Ventilatere ya gari haizunguki? Kabla ya kuiunga «direkti», tafuta umeme umekatikia wapi

Gari likiwa linakimbia, sindano ya joto inakaa katikati. Likiingia katika msongamano wa Nyawera au wa Essence, sindano inaanza kupanda. Dereva anazima klima, anafungua madirisha, anaomba magari ya mbele yasogee. Wakipata nafasi ya kukimbia tena, sindano inashuka yenyewe.

Kwa fundi anayesikiliza vizuri, maelezo hayo ni nusu ya kazi. Gari likikimbia, upepo wa njiani unatosha kupoza radiatere. Likisimama, upepo huo lazima uletwe na ventilatere ya umeme iliyofungwa nyuma ya radiatere. Joto likipanda gari limesimama na kushuka gari likitembea, ventilatere ndiyo ya kwanza kushukiwa. Joto likipanda hata katika mwendo wa kasi, basi tatizo litafutwe kwingine: maji yamepungua, radiatere imeziba, termostati haifunguki au pompo ya maji imechoka.

Mjini Bukavu jambo hili si dogo. Uso wa ziwa Kivu uko mita 1460 hivi juu ya bahari, na mitaa mingi iko juu zaidi ya hapo. Kwa kimo hicho maji katika sufuria huchemka karibu na digrii 95, hayangoji 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya radiatere ni kifuniko chake, ambacho kinayabana. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, ventilatere huanza maji yakifika karibu digrii 93. Mtu mwenye kifuniko kilicholegea na maji matupu ya bomba amebakiwa na digrii mbili tu kati ya ventilatere kuanza na maji kuchemka. Ventilatere ikichelewa hapo, hakuna akiba.

Na anayetoka Uvira anajua mahali pengine pa hatari: baada ya joto la bonde la Ruzizi na Kamanyola, gari lililojaa mizigo linapanda milima ya Ngomo kwa jia ya kwanza, polepole, karibu bila upepo wa mbele. Motere inayochemka pale mara nyingi inapindisha kifuniko chake cha juu na kuunguza joinde. Kwa dereva ambaye gari si lake, ni majuma bila kazi, huku mwenye gari akingoja pesa yake ya kila siku.

Dawa ya haraka inayoharibu

Dawa iliyozoeleka katika garaje za pembeni mwa barabara inaitwa «direkti». Fundi anachukua waya, mara nyingi mwembamba kama ule wa redio, anautoa kwenye batri au kwenye kontakti, anaupitisha katika kibonyezo kidogo karibu na usukani, na kuupeleka moja kwa moja kwenye ventilatere. Inazunguka, dereva anafurahi, analipa.

Lakini ventilatere ya wati 120 inakula ampea 10 kwa umeme wa volti 12, na zile kubwa zinakula zaidi. Waya mwembamba unapata moto, plastiki yake inalainika, na kama hakuna fizibu njiani, siku utakapogusa chuma cha gari hakuna kitu cha kuukata umeme. Halafu kuna usahaulifu: usiku dereva amechoka, anaacha kibonyezo kimewashwa, asubuhi batri imekufa. Au anasahau kukiwasha, na motere inakufa badala ya batri.

Mtu aliyekwama Ngomo jioni ana haki ya kuunga direkti ili afike nyumbani. Kosa ni kuiacha hivyo mwaka mzima, na kisha kuuza gari bila kumwambia anayenunua.

Umeme unafuatwa hatua kwa hatua

Kwanza, motere ikiwa baridi, tazama maji. Kifuniko cha radiatere hakifunguliwi motere ikiwa moto, hata kwa kitambaa. Maji yakipungua sana, sonde, yaani kile kifaa kinachopima joto, inabaki katika hewa au mvuke, na haitoi amri hata motere ikiungua. Mafundi wamekwisha kubadilisha ventilatere nzima kwa sababu ya lita mbili za maji.

Pili, washa klima kama gari linayo na inafanya kazi. Katika magari mengi, ventilatere inatakiwa kuanza mara tu klima inapoanza. Ikizunguka hapo na ikakataa motere ikipata moto, motere yake ndogo ni nzima. Shida iko upande wa sonde au amri yake. Mikono, mikufu na ncha za kitenge vikae mbali: magari mengine huwasha ventilatere yenyewe hata ufunguo ukiwa umetolewa.

Tatu, fizibu. Katika Toyota nyingi iko katika kisanduku karibu na batri, na juu ya kifuniko pameandikwa RDI FAN. Usiitazame kwa macho tu. Gusa pande zake mbili kwa ampuli ya kupimia. Ikiwa imeungua, kuna sababu: waya umechubuka, au motere ya ventilatere imekaza na inavuta umeme mwingi. Kuweka fizibu kubwa zaidi, au waya wa shaba mahali pake, ni kuhamisha moto kutoka kwenye kitu cha bei ndogo kuupeleka kwenye gari zima.

Nne, chomoa plagi ya ventilatere na uipe umeme kutoka batri kwa nyaya mbili nene zenye fizibu. Ikizunguka vizuri, iache, haina kosa. Ikianza tu baada ya kusukumwa kwa kijiti au kugongwa, makaa yake ya ndani yamekwisha. Hapo pia jaribu karatasi: iweke mbele ya radiatere, inatakiwa ivutwe na kunata. Ikisukumwa mbele, mtu aliwahi kugeuza nyaya mbili, chanya mahali pa hasi, na ventilatere inazunguka kinyume ikipigana na upepo wa njiani.

Multimetre inaweza kudanganya

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Fundi anachomoa plagi, anapima kwa multimetre, anaona volti 12, anasema umeme upo, basi ventilatere imekufa. Lakini multimetre haivuti umeme wowote wa maana. Waya ambao ndani yake umebaki na uzi mmoja mzima utaonyesha volti 12 bila shida. Ukiwekewa mzigo, unaanguka. Afadhali kuunga kwenye plagi ampuli ya taa ya mbele, ya wati 55. Ikiwaka hafifu, waya, plagi au masi ndiyo mgonjwa.

Masi, ule waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, ndiyo inayosahauliwa zaidi. Inaonekana imefungwa vizuri, kumbe chini ya bolti kuna kutu. Au gari lilipita kwa fundi wa bodi, likapigwa rangi nzuri, na bolti ikarudishwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Kupima ni rahisi: ventilatere ikiwa imeungwa, weka ncha moja ya multimetre kwenye hasi ya batri na nyingine kwenye waya hasi wa ventilatere. Ikisoma zaidi ya nusu volti, fungua bolti, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza tena.

Nyaya zenyewe zinakatika pale zinapojikunja karibu na radiatere, pale zinaposhuka chini ya batri ambapo asidi inadondoka, na ndani ya plagi zilizoingiwa na maji wakati wa kuosha motere. Ukiona unga wa kijani, umepata. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa skochi kitarudisha ugonjwa mvua ikianza.

Rele inayofanya kazi kinyume

Kati ya fizibu na ventilatere kuna rele, swichi inayosukumwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Zile za kawaida zina miguu iliyoandikwa 85 na 86 kwa amri, 30 na 87 kwa umeme mkubwa. Mafundi hupenda kuijaribu kwa kuazima rele ya honi. Ni njia nzuri, mradi mchoro uliochapwa juu ya rele zote mbili uwe mmoja.

Onyo hili si la bure, maana magari ya okazyo yanayotoka Japani yana mtego. Katika Toyota nyingi za zamani, kama Corolla za miaka ya 1990, sonde ya radiatere imefungwa motere ikiwa baridi na inafunguka ikipata moto, na rele ya ventilatere inafanya kazi kinyume na ya kawaida. Ukichomoa waya wa sonde na kuwasha kontakti, ventilatere inatakiwa kuzunguka. Katika magari mengi ya Ulaya ya wakati ule ni tofauti: kuchomoa hakuleti kitu, unatakiwa uunganishe nyaya mbili za sonde ndipo izunguke. Fundi aliyejifunza kwa gari la namna moja atatoa hukumu ya uongo kwa lile la pili. Na akiweka rele ya kawaida mahali pa ile ya kinyume, ventilatere itazunguka motere ikiwa baridi na kusimama ikipata moto.

Kwa magari mapya, amri inatoka kwenye kompyuta ya gari. Nyingi kati ya hizo, waya wa sonde ukikatika, huwasha ventilatere bila kusimama na taa ya motere kwenye dashibodi. Ventilatere isiyolala kamwe, basi, nayo inaomba kupimwa.

Dereva anayekuja kuchukua gari lake asiridhike na kuonyeshwa ventilatere inazunguka kwa kibonyezo. Aombe motere iachwe iwake imesimama, klima imezimwa, mpaka ventilatere ianze yenyewe, isimame, kisha ianze mara ya pili. Inaweza kuchukua dakika ishirini au zaidi, hasa asubuhi ya baridi. Wakati huo huo aguse nyaya na plagi ya fizibu: zikiwa vuguvugu ni kawaida, zikimchoma kidole gari libaki garajeni.