Badili waya wa antena bila kubomoa ukuta

Wenye migahawa na vibanda vya kuonyesha mpira mjini Dodoma wanaijua hasara ya picha kukatika mechi ikiwa katikati: wateja huondoka. Tangu mitambo ya analojia izimwe mjini hapa mwaka 2013, waya mbovu hugandisha picha au kuizima kabisa.

Mara nyingi waya huo hupita katika bomba jembamba lililofukiwa ukutani. Fundi mzuri hakimbilii kubomoa, wala hauchomoi waya wa zamani, kwani huo ndio kamba ya kuvutia mpya.

Kwanza zima umeme, kisha kata plagi za waya wa zamani. Nunua waya wa televisheni, wa omu 75. Menya ncha, sokota nyuzi za ndani za nyaya zote mbili pamoja na uzi wa nailoni, uzungushie tepu ili kifundo kisizidi unene wa waya. Paka sabuni. Mmoja avute taratibu, mwingine asukume. Plagi mpya ifungwe mwishoni.

Uzi wa nailoni uachwe bombani. Waya ukiharibika tena, kazi itakuwa nyepesi.