Majina ya Sayari katika Michezo ya Safari za Angani

Michezo ya kompyuta ihusuyo safari za angani hujengwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza kila mlima, kila nyumba na kila jina huwekwa mahali pake na mtungaji. Katika njia ya pili mtungaji hutunga kanuni tu, na mashine huzifuata ikazaa sayari nyingi ambazo yeye mwenyewe hakupata kuziona. Tofauti hiyo hupimwa aghalabu kwa wingi na uzuri wa mandhari. Bali mwanafunzi wa lugha ataiona wazi zaidi katika majina.

Mchezo wa Elite, uliotungwa na David Braben na Ian Bell na kutolewa Uingereza mwaka 1984 kwa kompyuta ya BBC Micro, una galaksi 8, na katika kila galaksi sayari 256. Kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa kilobaiti 32 tu, wala orodha ya sayari 2,048 pamoja na sifa zake haikuweza kuenea humo. Basi hapakuwekwa orodha. Paliwekwa namba tatu ziitwazo mbegu, nazo zikijumlishwa kwa utaratibu uleule hutoa mbegu ya sayari ifuatayo. Na katika kila mbegu hupatikana uchumi wa mahali, serikali yake, na jina. Neno hilo la mbegu lafaa sana, kwa kuwa hapana bahati nasibu hapa: mbegu moja huotesha mti uleule siku zote, na kila mchezaji aliikuta sayari ya Lave pale pale.

Jina huundwa kwa kuunganisha vipande vya orodha fupi, karibu vyote vya herufi mbili mbili. LA na VE hufanya Lave. DI na SO, Diso. ZA, ON na CE, Zaonce. RI, ED, QU na AT, Riedquat. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba Lave na Diso yana silabi wazi kama za Kibantu, na yangeweza kukaa katika ramani ya bara asishangae mtu. Bali Riedquat halitamkiki kwa Mswahili mpaka litiwe irabu. Hiyo ni sadfa ya vipande, si nia ya mtu. Majina haya yana umbo la neno, lakini hayana asili. Kisimani, popote lilipo jina hilo, hudai kwamba palikuwa na kisima. Lave halidai kitu.

Hata hivyo mkono wa mtu haukuondoka kabisa. Braben amesimulia kwamba galaksi moja iliachwa kwa sababu mashine ilikuwa imezaa humo sayari ambayo jina lake ni neno la matusi kwa Kiingereza. Mashine haikujua kwamba imetukana; lilihitajiwa sikio.

Kinyume chake ni Outer Wilds, mchezo wa mwaka 2019, ulioanza kama kazi ya shahada ya Alex Beachum katika Chuo Kikuu cha Southern California. Jua ni moja, sayari ni chache, na baada ya dakika 22 jua hulipuka na wakati hurudi mwanzo. Pacha wawili, Ash Twin na Ember Twin, wameitwa kwa jivu na kaa la moto. Mchanga humwagika kutoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili, ukifunua majengo huku na kujaza mapango kule. Msafiri hapati mali wala silaha, hupata maarifa tu, na mengi ya hayo huyasoma katika maandishi ya Wanomai, taifa lililokwisha toweka, yaliyochorwa kwa mizunguko ambamo jibu huchipuka katika usemi wa mwenzake kama tawi. Andiko la sayari moja hueleza jambo lililo katika sayari nyingine. Kanuni yaweza kuzaa maandishi. Kuyafanya yajuane ni kazi nyingine.

Mwaka 2016 Hello Games wa Guildford walitoa No Man's Sky, yenye sayari zaidi ya 18,000,000,000,000,000,000, wala hapana sikio liwezalo kuyapima majina yake yote. Humo kila sayari huja na jina la mashine, lakini mchezaji aliyeigundua kwanza ana ruhusa ya kuipa jina lake mwenyewe, na wafikao baadaye hulisoma hilo.